Jadili ufaafu wa anwani: Nambari ya tarakilishi yako si mlango wa nyumba yako

Yeyote aliyesoma Kiswahili katika shule ya upili humu nchini analijua swali hili: "Jadili ufaafu wa anwani ya riwaya hii. (Alama 20)." Nimelitunga mara nyingi na kulisahihisha mara nyingi zaidi. Mtahiniwa hutakiwa kuonyesha kama jina lililoko kwenye jalada linaoana na yaliyomo ndani. Leo nataka kuliuliza swali hilohilo kuhusu anwani ambayo sijawahi kuiona katika karatasi ya mtihani, japo imo katika kila nyumba yenye intaneti. Nayo ni anwani ya IP. Je, neno "anwani" linaifaa nambari hiyo? Sikulichagua swali hili kwa kujifurahisha. Mwaka jana neno hilo moja nusura limharibie jirani yangu jina.

Ninaishi katika ploti moja mjini Nakuru. Wakazi wake tuna chama cha watu kumi na mmoja. Tunachanga kila mwezi, na hesabu zetu tunaziweka katika programu fulani ya mtandaoni. Akaunti ni moja na nywila ni moja, iliyokuwa ikijulikana na viongozi wanne na, kama tulivyokuja kubaini baadaye, na baadhi ya watoto wao. Jumamosi moja mwenyekiti alipokuwa akipitia hesabu, aliona kwamba safu moja ilikuwa imefutwa wiki tatu awali. Mchango wa shilingi 14,000 wa mwanachama mmoja haukuonekana tena. Mwenyekiti ni mzee mstaafu, mtu wa mafaili na stakabadhi. Alipekuapekua mle ndani ya programu hadi akafika kwenye orodha ya walioingia: tarehe, saa na anwani ya IP. Usiku wa mabadiliko yale, saa tano na dakika arobaini, paliandikwa nambari moja tu. Akamwomba mweka hazina wetu afungue kwenye simu yake ukurasa unaoonyesha nambari yake, aupige picha, amtumie. Nambari zikalingana, tarakimu kwa tarakimu.

"Dada, anwani ni yako," alimwambia mbele ya wenzake. "Ni kama barua iliyotoka kwenye sanduku lako la posta. Utakataaje?"

Jioni ile mweka hazina alibisha mlangoni kwangu. Hakuwa analia, lakini alikuwa ametoka kulia. "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa maneno," alisema. "Hebu niambie, hii anwani ni kitu gani? Maana mimi hakuna mtu amewahi kunipa anwani yoyote."

Niliona haya. Asili ya neno niliijua; kitu chenyewe sikukijua. Ilibidi nimtafute kijana mmoja, fundi wa mitandao, nimnunulie chai na mandazi, naye akanifunza kwa jioni mbili. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyapata kwake na niliyoyasoma baadaye ili nihakikishe.

Tuanze na neno. "Anwani" tumelipata kutoka kwa Kiarabu, ambako hutaja kichwa cha kitabu na pia maandishi ya juu ya barua yanayoonyesha inakopelekwa. Maana zote mbili zimehamia kwetu. Tunasema anwani ya riwaya, na tunasema "andika anwani yako upande wa kulia wa barua". Kinachoziunganisha ni kwamba anwani huandikwa nje. Humsaidia mtu kukitambua kitu au kukifikisha mahali. Haisemi ni nani aliyemo ndani.

Hata hivyo, siku hizi tukisikia "anwani" wengi wetu huwaza mahali: barabara fulani, nyumba nambari fulani, mlango ambao ukiubisha atatoka mwenyewe. Mwenyekiti wetu alikuwa na wazo hilo kichwani. Kwake, kuipata anwani kulikuwa sawa na kumpata mtu.

Sasa tukiangalie kitu chenyewe. Herufi IP husimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya Itifaki ya Intaneti, yaani kanuni ambazo tarakilishi hufuata zinapotumiana ujumbe. Toleo lake ambalo bado limeenea lilichapishwa mwaka wa 1981. Katika toleo hilo, kila anwani ni mafungu manne ya tarakimu yanayotenganishwa kwa nukta, na kila fungu ni kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.1.23. Sehemu ya mwanzo ya nambari hutaja mtandao, na sehemu ya mwisho hutaja kifaa ndani ya mtandao huo, sawa na vile 20100 inavyotaja posta ya Nakuru kabla hatujafikia nambari ya sanduku.

Tarakilishi yako haikutoka dukani ikiwa na anwani hiyo. Unapoiwasha nyumbani, haina kitu. Huwa kama mgeni aliyeshuka stendi usiku asimjue mtu. Kwa hivyo hupaza sauti kwa kila kilichomo kwenye mtandao wa nyumba: "Hodi! Kuna anayegawa anwani hapa?" Kile kisanduku chenye taa zinazometameta sebuleni, ambacho mafundi hukiita ruta na sisi wengine hukiita waifai, hujibu: "Karibu. Ninayo 192.168.1.23, itakufaa?" Tarakilishi husema: "Itanifaa, naiomba hiyo." Ruta humalizia: "Haya, ni yako kwa saa 24." Maneno hayo manne kwa kawaida huisha kabla hujavuta kiti ukaketi. Kanuni za mazungumzo hayo huitwa DHCP. Zilichapishwa kwanza mwaka wa 1993, na toleo tunalolitumia likatoka mwaka wa 1997.

Msomaji, tulia kidogo kwenye maneno "kwa saa 24". Muda huo hutegemea mpangilio wa ruta. Unaweza kuwa saa moja au wiki nzima. Jambo kuu ni kwamba muda upo. Wahandisi walioandika kanuni hizo hawakusema kwamba anwani inauzwa, wala kwamba kifaa kinamilikishwa. Walitumia neno la Kiingereza linalotumika katika mikataba ya kupangisha nyumba na mashamba. Tarakilishi yako ni mpangaji.

Tena ni mpangaji mwenye nidhamu kuliko wengi wetu. Haingoji mkataba uishe ndipo ianze kumkwepa keyateka. Muda ukifika nusu, yaani saa ya 12 katika mkataba wa saa 24, humwendea mwenye kuipangisha na kuomba aongezewe. Ruta ikikubali, saa huanza kuhesabiwa upya na nambari hubaki ileile. Isipojibu, tarakilishi huendelea kujaribu. Ikifika saa ya 21 huacha kumwomba yule mmoja na kuanza kumwomba yeyote anayegawa anwani. Saa ya 24 ikigonga bila jibu, lazima ihame. Ndiyo maana tarakilishi inayowashwa kila siku inaweza kukaa na nambari ileile miezi mingi, nayo iliyosafiri na mwenyewe likizoni ikarudi kukuta nambari yake imepewa simu ya mgeni. Na ukiona nambari inayoanza na 169.254, jua kwamba kifaa chako kilipiga hodi, hakuna aliyeitika, kikaamua kujipa nambari chenyewe. Nambari hiyo haitakutoa nje ya nyumba. Hapo usiilaumu tarakilishi. Angalia ruta kwanza.

Ruta nayo hujitahidi kuwakumbuka wapangaji wake. Huwatambua kwa nambari nyingine ambayo kila kifaa hupewa kiwandani, na kifaa kikirudi mara nyingi hukirudishia anwani yake ya zamani kama bado iko wazi. Lakini hata hilo limelegea. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka wa 2019, na za iPhone tangu mwaka wa 2020, zina uwezo wa kuificha nambari ya kiwandani na kuuonyesha kila mtandao nambari ya kubuni. Lengo ni kumlinda mwenye simu asifuatwe kila aendako. Matokeo yake ni kwamba simu ileile inaweza kuonekana ngeni nyumbani kwake mwenyewe.

Hadi hapa nimezungumzia anwani ya ndani tu. Zile nambari zinazoanza na 192.168, au na 10, au kuanzia 172.16 hadi 172.31, zilitengwa mwaka wa 1994 zitumike ndani ya nyumba na ofisi. Hazisafiri kwenye intaneti. Ziko katika mamilioni ya nyumba kwa wakati mmoja, na hazigongani, kama vile kila ploti mjini ilivyo na "nyumba nambari tatu" na hakuna anayechanganyikiwa. Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba unaishi nyumba nambari tatu, hujamwambia lolote.

Anwani inayoonekana na ulimwengu ni nyingine. Hiyo hupewa ruta, na anayeitoa ni kampuni inayokuuzia intaneti. Hapo ndipo kumbukumbu zangu za utotoni zilinisaidia kuelewa kuliko maelezo yote ya fundi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, barua zetu zote zilipitia Sanduku la Posta la shule. Si zetu wanafunzi tu. Za wazazi wetu, za shangazi zetu waliokuwa na wana Nairobi, hata za mzee mmoja jirani aliyekuwa akingoja malipo yake ya uzeeni, zote zilikuja kwa S.L.P. moja. Mwalimu mkuu alikuwa akirudi na mkoba kutoka mjini, na Ijumaa kwenye gwaride akazisoma zile bahasha jina kwa jina. Barua ya kutoka nayo ilibeba nambari ya sanduku hilohilo. Mtu aliyeko Mombasa akiiona, angeweza kujua inatoka sehemu gani ya nchi na posta ipi. Asingeweza kujua ni nani kati ya watu mia kadhaa aliyeishika kalamu.

Ruta ni yule mwalimu mkuu. Simu yako, kipakatalishi cha mwanao na runinga ya sebuleni vyote hutuma ujumbe kupitia kwake. Yeye huondoa anwani ya ndani, hubandika anwani moja ya nje, kisha huandika kwenye daftari lake: "Ombi hili limetoka kwa 192.168.1.23, nimelitoa kwa mlango nambari fulani." Milango hiyo si ya mbao, ni nambari tu, na kwa kila anwani ziko 65,536. Jibu likirudi, ruta hutazama daftari na kulifikisha kwa mwenyewe. Huko nje, kila mliyemo nyumbani mnaonekana kama mtu mmoja.

Kama Sanduku la Posta, anwani hiyo ya nje nayo ni ya kukodi. Anayelipa ada ya mwaka hulishika sanduku. Asiyelipa hufungiwa, na siku moja nambari yake hupewa mtu mwingine. Kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wa nyumbani anwani ya muda. Hubadilika lini? Inaweza kubadilika stima ikipotea muda mrefu, ruta ikazimika na mkataba ukaisha. Inaweza kubadilika ukizima ruta na kuiwasha tu, kwa sababu katika mifumo mingine kila muunganisho mpya huja na nambari mpya. Nchini Ujerumani, wateja wengi wa intaneti ya laini za simu walizoea kwa miaka kukatiwa muunganisho kila baada ya saa 24 na kupewa nambari nyingine. Inaweza kubadilika kampuni ikipanga upya mitambo yake bila kukuarifu. Na itabadilika ukihama kampuni, au ukizima waifai na kutumia data za simu. Anayetaka nambari isiyobadilika, mathalani mwenye ofisi au mwenye kamera za ulinzi anazozitazama akiwa mbali, aghalabu hulipia zaidi apewe ya kudumu.

Mbona ubahili huu wote? Kwa sababu nambari zilikwisha. Toleo lile la mwaka wa 1981 lina jumla ya anwani 4,294,967,296. Wakati huo zilionekana nyingi kupita kiasi. Leo watu peke yao duniani ni takribani bilioni nane, na wengi wana zaidi ya kifaa kimoja. Ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake makubwa ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Afrika hugawiwa na shirika la AFRINIC lililoko Mauritius, nalo likaingia awamu ya mwisho ya kugawa kwa kipimo mwezi wa Januari 2020. Toleo jipya lenye anwani nyingi mno, IPv6, liliandikwa tangu miaka ya tisini na linaendelea kuenea, ila la zamani halijaondoka.

Kwa sababu hiyo kampuni nyingi hufanya kwa mitaa kile ruta inachofanya kwa nyumba. Huwakusanya wateja wengi, wakati mwingine mamia, nyuma ya anwani moja ya nje. Mwaka wa 2012 lilitengwa fungu maalumu la nambari kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiingia kwenye ruta yako na kukuta kwamba hata "anwani ya nje" iliyopewa imo katika fungu hilo, jua kwamba huna sanduku lako. Uko kwenye mkoba wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu naye yuko kwenye mkoba wa mkuu wa tarafa.

Basi tulipokutana tena Jumapili iliyofuata, niliomba ruhusa kwa mwenyekiti. "Mzee, kabla hatujaendelea, naomba kila mtu atoe simu." Ploti yetu ina waifai moja aliyoiweka mwenye nyumba, na sote tunaitumia. Nikawaomba wote waunganishe kwenye waifai ile na kufungua ukurasa uleule ambao mweka hazina alikuwa ameufungua. Kisha nikamwomba mama mmoja aliyekaa mbele asome nambari yake kwa sauti, polepole.

Kabla hajafika fungu la tatu, watu walianza kunong'ona. Simu kumi na moja, nambari moja. Ya mwenyekiti ilikuwa hiyohiyo.

"Sasa, Mwalimu, unataka kusema sisi wote ni wezi?" mmoja aliuliza, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze.

Nikawaomba wazime waifai na kutumia data. Nambari zikatawanyika, ila wawili waliokuwa wateja wa kampuni moja ya simu walijikuta tena na nambari moja, ilhali mmoja anaishi orofa ya chini na mwingine ya tatu.

Fundi wangu naye alikuwa amenipa swali la kuuliza. Ile saa tano na dakika arobaini usiku, ni ya wapi? Programu nyingi za mtandaoni huandika wakati kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tulipoangalia mipangilio, kweli, ilikuwa hivyo. Kwa hiyo safu ile ilifutwa saa nane na dakika arobaini usiku wa manane, na muda huo hakuna aliyekuwa ameulizwa alikuwa wapi. Isitoshe, kati ya usiku ule na siku ya picha zilikuwa zimepita wiki tatu, na stima ilikuwa imepotea mara kadhaa. Hatukuwa na uhakika kwamba nambari ile ilikuwa ya ploti yetu usiku wenyewe. Anayeweza kusema ni kampuni ya intaneti, na hata hiyo ingehitaji tarehe, saa kamili na pengine nambari ya mlango pia. Programu yetu haikuiandika nambari ya mlango.

Je, hayo yalimtakasa mweka hazina? Sikusema hivyo mkutanoni na sisemi hivyo hapa. Yalionyesha tu kwamba karatasi ya mwenyekiti ilikuwa imemtaja kila mtu, na kwa hiyo haikuwa imemtaja mtu. Kilichomtakasa ni stakabadhi. Tulifungua ujumbe wa M-Pesa wa yule mwanachama na taarifa ya benki, tukakuta shilingi 14,000 zilikuwa zimewekwa benki siku mbili baada ya kupokelewa. Pesa hazikuwa zimeibwa. Kilichopotea kilikuwa safu tu. Nani aliifuta, kwa makusudi au kwa kidole kilichoteleza, hadi leo hatujui.

Kosa la mwenyekiti wetu si lake peke yake. Limefanywa na watu wenye mitambo mikubwa kuliko simu ya mkononi. Mwezi wa Aprili 2016 magazeti ya Marekani yalieleza habari za shamba moja katika jimbo la Kansas. Kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza ramani za anwani za IP ilikuwa na nambari nyingi ambazo ilijua tu kwamba ziko Marekani. Kwa kuwa ramani hudai nukta, iliziweka zote karibu na kitovu cha nchi, na nukta hiyo ikaangukia uani mwa shamba hilo. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa "zinaishi" pale. Kwa takribani miaka kumi waliokuwa wakiishi mle walibishiwa na polisi, wapelelezi wa kodi na watu wenye hasira waliotafuta wezi wao wa mtandaoni. Kampuni iliposhtuliwa, iliihamishia nukta yake katikati ya ziwa.

Mahakama nazo zimelitafakari jambo hili. Mwaka wa 2018 mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilikataa kesi ya wenye filamu dhidi ya mtu aliyekuwa amelipia intaneti iliyotumika kuipakua. Mtu huyo alikuwa akiendesha makao ya kuwatunza watu wazima, na wakazi na wageni waliingia mtandaoni kupitia laini yake. Majaji walisema kuwa kuwa na jina kwenye ankara ya intaneti pekee hakutoshi kumfanya mtu mkosaji. Yule jaji angekuwa Mkenya wa rika langu, angesema tu: sanduku ni la shule.

Turudi kwenye swali la mtihani. Je, anwani "anwani ya IP" inafaa? Nilipoanza nilidhani jibu ni la, na nilikuwa tayari kupendekeza neno jingine. Nimebadili nia. Neno linafaa, mradi tulisome kwa Kiswahili chetu na kwa maisha yetu. Linapotosha tunapoliwazia nyumba yenye mlango na jina la mwenyewe. Linafaa tunapolikumbuka Sanduku la Posta. Sanduku hukodiwa, na nambari ya IP hukodiwa. Sanduku hutumiwa na wengi, na nambari hutumiwa na wengi. Sanduku hubadilisha mwenyewe, na nambari hivyo hivyo. Tunachohitaji kurekebisha ni vitenzi. Tusiseme kwamba tarakilishi ya fulani "ina" anwani fulani. Tuseme "imepangishwa" anwani hiyo, au "ilikuwa ikitumia" anwani hiyo saa fulani ya siku fulani. Kitenzi kikishabeba wakati, msikilizaji atauliza mwenyewe: na kabla ya hapo? Na nani mwingine?

Na wenye vyama kama chetu, neno moja la ziada. Kila kiongozi awe na akaunti yake na nywila yake, asiwaachie hata wanawe. Daftari linaloandika jina la aliyebadilisha kitu litawafaa kuliko linaloandika nambari.

Mweka hazina wetu alijiuzulu mwezi uliofuata. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wote, kwa heshima, naye akaikubali. Alisema hana kinyongo na mtu, ila hataki tena kushika daftari la watu. Bado ni mwanachama, na mchango wake haujawahi kuchelewa. Siku hizi akilipa, hupiga picha ujumbe wa M-Pesa na kunitumia mimi pia.